Pamba Iliyotokwa Jasho

Kama ulipita karibu na kiwanda cha kuchambua pamba msimu ule, ukasimama hata kwa kufunga kamba za viatu tu, basi uliambiwa habari za binti wa Sikio. Hukuwa na namna ya kuzikwepa. Mlinzi wa getini aliambiwa. Mwuza chai aliambiwa mpaka akawa anamkatisha na kuimalizia mwenyewe. Madereva wa malori waliambiwa wakiwa wamening'inia madirishani, injini zinaunguruma, wanatafuta upenyo wa kuondoka. Binti yake, Sikio aliwaambia, ametengeneza pamba. Hajailima, ameitengeneza. Pamba ambayo haikuwahi kuwapo duniani, sasa ipo, na aliyeileta ni yule yule mtoto mliyekuwa mnamwona hapa na kandambili zake akimletea baba chakula cha mchana.

Sikio alikuwa fundi mkuu wa kiwanda. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na hapo ndipo lilipokaa maisha yake yote. Aliingia kazini kama mbebaji wa magunia, kijana wa mabega, hajui spana wala bisibisi. Siku moja fundi wa zamani alimkuta amesimama katikati ya ukumbi, gunia begani, kichwa amekiinamisha upande kama anayeitwa kwa mbali.

"Wewe, umelala na mzigo?"

"Ile mashine ya mwisho inaumwa," akajibu.

Fundi akacheka, lakini akaenda kuifungua, na ndani akakuta beringi imelika, bado kidogo tu ivunjike na kuondoka na mkono wa mtu. Kuanzia siku hiyo gunia likashuka begani, spana ikapanda mkononi, na jina la Sikio likamganda. Alifundishwa kunoa misumeno, kuvika rola ngozi, kupanga visu, kuongeza na kupunguza mikanda. Alioa, akazaa, akajenga, yote hayo akiwa na nyuzi kwenye nywele. Mkewe alizoea kumkung'uta mlangoni kama mkeka kabla hajamruhusu kukaa kwenye kiti.

Alikuwa mtu wa maringo, tusimfiche. Lakini alichoringia hasa kilikuwa kimoja: robota baya, yaani mzigo wa nyuzi zilizoshindiliwa, halijawahi kutoka kiwandani mikononi mwake. Ndiyo maana alikuwa na ulimi mkali kwa mkulima aliyeleta pamba yenye unyevu. Pamba ikiwa na maji, nyuzi hazichambuki, zinasokotana na kujifunga vifundo vidogo kama vichwa vya pini, na vifundo hivyo havitoki tena, utaviona mpaka kwenye shati. Basi mkulima wa namna hiyo aliulizwa mbele ya foleni nzima: "Hii umeileta kuchambuliwa au kufuliwa?" Watu wakiangua kicheko, naye anageuza mkokoteni wake kimya kimya. Wengi walimwogopa, wachache walimchukia, na wote walikausha pamba yao.

Binti alikua kwenye kelele hizo. Akishaweka chakula haondoki, anaokota mbegu chini ya mashine na kuuliza maswali. Kwa nini hii imetoka tupu na hii imebaki na manyoya? Kwa nini nyuzi za gunia hili ni ndefu kuliko za gunia lile? Baba akijua anajibu, asipojua anasema, "Kamwulize mwalimu." Mtoto akaenda kumwuliza mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, mpaka akamaliza wote waliokuwapo na kurudi nyumbani akiwa mtafiti katika kituo cha utafiti wa pamba, kule nje ya mji. Majirani waliposikia ameitwa daktari wakaanza kuja na vikohozi vyao. Sikio aliwafukuza barazani: "Huyu ni daktari wa pamba! Wewe umeota vitumba?"

Sasa, pamba ya binti ilikuwa imepita majaribio yote ya kituoni ikabaki na moja. Kamati ya wataalamu ingekuja kwenye ziara, itembelee kituo asubuhi na kiwanda mchana, na huko kiwandani ipitishe pamba ile kwenye mashine kubwa mbele ya macho yao. Wakiridhika, mbegu inakwenda kwenye mashamba makubwa kuzalishwa kwa ajili ya wakulima. Wasiporidhika, inarudi kituoni, na kamati hiyo ikishairudisha pamba huwa haina haraka ya kuiangalia tena. Binti alikuwa amekonda kwa kuingoja siku hiyo.

Magunia yake yaliletwa kiwandani mapema. Kwa kawaida pamba inayongoja zamu hukaa kwenye banda la wazi, upepo unapita, kila mtu anaiona. Lakini hii ikae na pamba za watu? Ije ichanganyike? Vibarua waikalie wakinywa chai? Sikio alisafisha kighala cha vipuri, akayapanga magunia humo kwa mkono wake, akafunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mkewe alipoona anautoa ufunguo hata mezani na kuutazama, akamwambia, "Baba watoto, hiyo pamba unaibembeleza kuliko ulivyowahi kumbembeleza mwenyewe aliyeizaa."

Kisha mvua ikanyesha bila kutarajiwa. Sikio akakumbuka bati la kighala lina tundu. Akaenda mbio na turubai jipya la plastiki, akayafunika magunia yote, akaingiza ncha chini kama anayemfunika mtoto blanketi. Alikusudia kulitoa mara mvua ikikatika. Lakini ilipokatika meneja akataka ukumbi ufagiliwe, ngazi zipakwe rangi, mashine zipanguswe kwa ajili ya wageni, na Sikio akazama humo. Jua likarudi na kulipiga bati la kighala siku nzima. Watu wengine wangelitoa lile turubai, ila ufunguo ulikuwa kwa nani?

Siku ya ziara meneja alimchagua Sikio awakilishe kiwanda kwenye sehemu ya asubuhi. Akavaa koti lake la harusi za watu, akapanda basi dogo pamoja na wataalamu, na kabla halijafika kona ya kwanza mwenyekiti wa kamati, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, alikuwa ameshaambiwa mtafiti ni binti wa nani.

"Nimesikia," mama mwenyekiti akasema. "Mlinzi wenu wa getini ameshatuambia."

Kituoni binti alikuwa amesimama mwanzo wa shamba na koti jeupe, kalamu kifuani. Aliwasalimu wote kwa heshima moja, baba yake akiwamo, kisha akageuka na kuanza kazi. Sikio hakuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu wazito. Sauti haikutetemeka. Aliwapitisha kwenye vitalu vya pamba zilizopandwa bega kwa bega, akawaonyesha majani yenye vinyweleo ambayo wadudu wafyonzao hawayapendi, akapasua kitumba na kuwaonyesha njia funza anayopita. Kisha akafika kwenye mmea wenye maua yaliyofunikwa kwa vijifuko vya karatasi.

"Hapa ndipo tunapoanzia," akasema. "Jioni, ua likiwa bado limefumba, tunalifungua kwa ncha ya kucha na kuondoa sehemu zote zenye chavua, kisha tunalifunika. Asubuhi tunaleta ua la mmea mwingine tuliouchagua, tunaligusisha hapa katikati, tunafunika tena."

"Kwa hiyo ninyi ni washenga," akasema mjumbe mmoja.

"Washenga, na walinzi wa mlango pia. Nyuki akitutangulia, ndoa imevunjika."

Wageni wakacheka. Sikio alicheka kuliko wote, akamgusa kiwiko aliyekuwa jirani naye, asiyemjua, akamwambia, "Umeisikia hiyo?" Kifua kilikuwa kimemjaa mpaka koti likambana. Yule mtoto wa kandambili! Alitamani lile shamba lote lingekuwa na kuta, na kuta ziwe na masikio ya mji mzima.

Wakaingia maabara. Kulikuwa na chumba kilichopozwa, madirisha yamezibwa, na vishada vya pamba vimelazwa kwenye trei vikisubiri kupimwa urefu na uimara. Mama mwenyekiti akauliza kwa nini havipimwi vikifika tu.

"Kwa sababu pamba inakunywa maji ya hewani, mama," binti akajibu. "Lazima itulie kwanza kwenye hewa ya kiasi, la sivyo inatudanganya. Ikikaa pakavu mno inakatika. Ikifungiwa mahali pa joto pasipo upepo, inatokwa jasho kama mtu, na hapo huwezi tena kujua ubaya ni wa pamba au ni wa aliyeihifadhi."

Sikio aliacha kutabasamu. Aliliona turubai lake kama limetandazwa pale juu ya meza. Akaingiza mkono mfukoni, akaushika ufunguo.

Katika chumba cha pili kulikuwa na kinu kidogo cha kuchambulia sampuli, cha kukaa juu ya meza. Binti akapitisha konzi ya pamba yake, nyuzi zikatoka safi. Mama mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Mashine ndogo ni kama shangazi," akasema, "inamsifia kila mtoto. Twendeni kiwandani."

Ndani ya basi Sikio hakusema neno, na waliokuja naye asubuhi walishangaa. Alikuwa anajipa moyo. Turubai halikukaa sana. Magunia ni ya kitambaa, yanapumua. Basi lilipoingia getini na meneja akaanza hotuba yake ya kukaribisha, ambayo haikuwahi kuwa fupi, Sikio akachomoka kwa nyuma na kwenda kighalani.

Alipofungua mlango joto lilimpiga usoni. Akainua turubai. Upande wake wa chini ulikuwa na matone. Akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza: juu pakavu. Akausukuma ndani mpaka kwenye kiwiko, na huko katikati pamba ikamgusa ule mguso wa shuka iliyoanuliwa kabla ya wakati. Aliujua. Angekuwa mkulima ameileta hivi, angekuwa ameshamvua nguo kwa maneno.

"Fundi!" Meneja anaita. "Fundi, wageni wanakuja!"

Hapo ndipo mtu anapopimwa, na Sikio, niseme ukweli, hakupita. Alijitia hamnazo. Aliita wabebaji, akawaambia wachukue gunia la kwanza, akajisemea kwamba unyevu ni kidogo tu, rola ikipata moto utapotea. Alijua ni uongo hata kabla hajamaliza kujiambia.

Mashine iliyoandaliwa ilikuwa ile ya rola, kongwe kuliko zote, iliyotengwa kwa pamba ya mbegu kwa sababu ya upole wake. Zile za misumeno hurarua, hii huvuta. Rola ya ngozi hushika nyuzi na kuzipitisha chini ya kisu kilichotulia, wakati kisu cha pili kinapanda na kushuka kikibisha hodi kwenye mbegu mpaka iachie. Mbegu zinadondoka nyuma, nyuzi zinateremka mbele kama utando mweupe mwembamba. Sikio ndiye aliyeivika rola ile ngozi mpya wiki hiyo hiyo. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga ukutani, wamenawa nyuso. Kamati ikasimama mbele, binti pembeni yao, mikono ameifumbata.

Sikio akabonyeza swichi. Pamba ikaanza kuingia.

Mwanzoni, ile pamba ya juu iliyo kavu ilipita vizuri, na binti akamtazama baba yake na kutabasamu. Kisha mlio ukabadilika. Mwingine asingeusikia, lakini Sikio aliusikia na kufumba macho: mashine iliacha kunong'ona ikaanza kutafuna. Utando ukakatika, badala yake zikaja kamba kamba, nene hapa, nyembamba pale. Mama mwenyekiti akainama, akachukua kishada, akavaa miwani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hivi vifundo vinatoka wapi?" akauliza. "Mbona ni vingi?"

Sikio akazima mashine.

Binti alichukua kishada naye, akakitazama. Kisha akaenda kwenye gunia, akaingiza mkono mpaka ndani. Sikio alimwona akigandisha mkono humo. Alimwona akilitazama gunia, akiutazama mlango wa kighala uliobaki wazi, na ncha ya turubai iliyoning'inia pale. Kisha akamtazama baba yake, kidogo tu, na kuyaondoa macho. Alijua. Akautoa mkono, akaupangusa kwenye koti, akairudia kamati.

"Huenda ni nyuzi zenyewe," akasema, na sasa sauti ilitetemeka. "Ni nyembamba sana. Labda... labda haziwezi kuvumilia mashine kubwa. Nadhani tuirudishe kituoni tuifanyie kazi zaidi."

Katibu wa kamati, bwana mmoja mwembamba aliyekuwa haongei, akafungua kalamu na kuanza kuandika.

Meneja akashusha pumzi. Kiwanda kimepona. Sikio naye alikuwa amepona, kama angetaka. Hakuna aliyemnyoshea kidole. Wafanyakazi wangerudi kwenye kazi zao, wakulima wangeendelea kumwogopa, jina lake lingebaki jeupe kama lilivyokuwa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na pamba ya mwanawe ingebeba lawama kwa niaba yake. Mwanawe mwenyewe ndiye alikuwa anaitwika.

Moyo ulimuuma Sikio kwa namna ambayo hajawahi kuumwa. Misimu yote ile ya maua na vijifuko vya karatasi, na mtoto anaitupa hivi hivi, mbele ya watu, ili baba asiaibike!

"Bwana katibu, usiandike hivyo," akasema.

Katibu akainua uso.

"Pamba haina kosa. Ina maji. Na maji nimeyatia mimi." Alikuwa anaongea kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kama mtu aliyezoea kushindana na mashine. "Niliifungia kighalani, nikaifunika turubai la plastiki, jua likaipika humo ndani. Nimeigusa sasa hivi kabla hamjaingia, nikajua ni mbichi, na bado nikaileta. Niliogopa kuonekana. Mimi, ambaye nawatukana wakulima kwa jambo hili hili. Andika hivyo."

Mbebaji mmoja pale ukutani alicheka, akakumbuka alipo, akakigeuza kicheko kikohozi. Meneja alitazama viatu vyake. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mama mwenyekiti akavua miwani, ikaanguka kwenye mnyororo.

"Na ikikauka, fundi? Itatoka vizuri?"

"Sijui, mama. Nikisema najua nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Lakini pamba yake bado hamjaiona. Mlichokiona ni jasho."

Mama mwenyekiti akageuka kutazama nje, uani, jua lilipokuwa likiwaka bila huruma juu ya saruji. "Meneja," akasema, "si ulituahidi kutuonyesha kiwanda kizima? Tuonyeshe. Polepole."

Basi meneja akawachukua. Akawaonyesha bomba la kufyonzea pamba kutoka bandani, ukumbi wa misumeno, mashine inayoshindilia nyuzi mpaka ziwe robota gumu kama jiwe, chumba cha mbegu zinazokwenda kukamuliwa mafuta. Siku hiyo maneno yake mengi yalipata kazi.

Binti naye hakupoteza muda. "Shuka nyeupe!" akawaambia wafanyakazi. "Za pamba tupu, msiniletee kitambaa cha rangi. Na msitandaze juu ya saruji bila kitu." Walitandaza. Wakamwaga pamba ya magunia yaliyobaki, wakaichambua kwa vidole, wakaitawanya kama wanaanika nafaka. Sikio alivua koti lake, akapiga magoti upande mmoja wa shuka. Binti akapiga magoti upande wa pili. Waligeuza pamba bila kusemeshana. Mara moja baba alijaribu: "Mwanangu..." Binti akasema, "Geuza na hiyo ya kwako pembeni, Baba," na sauti haikuwa na hasira wala haikuwa na upole. Akageuza.

Jua likafanya kazi yake. Baadaye Sikio akachukua mbegu moja yenye nyuzi zake, akaitia kati ya meno. Ndivyo watu wa pamba wanavyopima tangu zamani: mbegu yenye maji inalegea mdomoni, kavu inapasuka. Binti akachukua yake. Wakang'ata pamoja, wametazamana juu ya ile shuka nyeupe. Zikalia ka! zote mbili, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbini binti akacheka.

Kamati ikarudi na vumbi mabegani. Pamba ikapandishwa. Sikio alikagua rola, akafuta unyevu kwenye kisu, akarudi kwenye swichi. Akabonyeza.

Mashine ikanong'ona. Ikaendelea kunong'ona. Sikio aliinamisha kichwa upande, akasubiri ule mlio wa kutafuna, haukuja. Mbegu zikadondoka nyuma moja moja, safi, na mbele ukateremka utando mweupe, mwembamba, usiokatika, mpana upana wa mashine nzima, unapepea kidogo kwa upepo wa mlangoni. Wabebaji pale ukutani, ambao wameona pamba maisha yao yote, wakasogea mbele bila kuitwa.

Mama mwenyekiti alichukua kishada. Akakiinua kwenye mwanga. Akakishika kati ya vidole gumba viwili, akakivuta, akakipanga, akakivuta tena, mpaka nyuzi zikalala sambamba, ndefu, zinang'aa. Akampa mjumbe wa pili, naye akampa wa tatu. Kishada kikazunguka kamati nzima, na kila aliyekishika alikivuta mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

"Binti," mama mwenyekiti akasema mwishowe, "nimefanya kazi kwenye viwanda vya nguo tangu sijavaa miwani. Nyuzi kama hizi nilikuwa nazisikia zikija kwa meli kutoka ng'ambo." Akamgeukia katibu. "Andika upya. Mbegu iende mashambani msimu huu. Na ichambuliwe hapa hapa, kwenye mashine hii."

Makofi yalianzia ukutani. Hayakuwa ya adabu, yalikuwa ya viganja vya watu wa magunia, na ukumbi wa bati ukayarudisha mara mbili. Sikio hakupiga. Alikuwa ameshikilia mashine, machozi yanamtiririka wazi wazi, wala hakujishughulisha kuyafuta. Alijivuna mpaka akasahau kwamba anajivuna.

"Na kuhusu gunia la kwanza," mama mwenyekiti akaongeza makofi yalipotulia, "andika kwamba liliharibika kwa uhifadhi mbaya wa fundi mkuu, na kwamba fundi mkuu ndiye aliyesema."

"Sawa kabisa," Sikio akajibu.

Alijua maana yake. Kuanzia kesho hatamfokea mkulima yeyote bila kuulizwa habari za turubai. Wabebaji watamsimanga mpaka astaafu. Hata mwuza chai atakuwa na la kusema.

Basi la wageni lilipoondoka, vumbi likatulia uani, baba na binti wakabaki wakikunja zile shuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Walikunja mara moja, wakasogeleana, wakakunja tena.

"Baba."

"Naam."

"Ungenyamaza tu. Mimi ningeirudisha kituoni, ningeanza upya. Nilikuwa nimeshakubali. Jina lako lingebaki."

"Nilikusikia," Sikio akasema. "Nilikusikia unaisingizia pamba yako kwa ajili yangu. Ndiyo maana sikunyamaza."

Binti aliichukua shuka mikononi mwa baba yake, akaiweka juu ya zile nyingine, kisha akaushika ule mkono wenye mafuta ya mashine, na wakatoka hivyo mbele ya wafanyakazi wote, akiwa hajauachia.